Ujumbe Uliokatwa Nusu

Kengele ya chakula cha mchana ilipolia, darasa zima lilikimbilia bwaloni isipokuwa msichana mmoja. Yeye alipitia kwanza bombani, akasuuza kijiko, akakinusa, akakisuuza tena. Mezani aliinua sahani juu akaikagua kwa chini, kama fundi anayekagua gari bovu. Unywele mmoja kwenye wali ulitosha kumharibia wiki nzima. Wenzake walimbandika jina la Kinyaa, naye hakulikataa. Aliamini kwamba dunia imejaa wachafu, na kwamba yeye ni mmoja wa wachache waliosalimika.

Mwenzake wa dawati moja aliitwa Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi iliyokuwa shavuni mwake. Mama yake Kidoti alikuwa mpishi wa shule. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuamrisha, na mtu akithubutu kuingia jikoni na viatu vya matope alitimuliwa kwa mwiko. Kinyaa mwenyewe, pamoja na ukaguzi wake wote, hakuwahi kupata hata mchanga kwenye maharage ya mama huyo.

Kilichowaunganisha wasichana hao ni katuni. Kila Jumamosi sehemu mpya ya “Jiko la Chini” ilitoka mtandaoni. Waliisoma kwenye simu za mama zao, kisha darasa zima liliijadili kwenye kundi lao la simu. Mhusika mkuu alikuwa Bwana Mwiko, mpishi wa hoteli. Jumamosi hiyo pande la nyama lilimponyoka, likaangukia sakafuni penye maji ya taka. Bwana Mwiko akatazama huku na huku, akaliokota, akalisuuza, akalirudisha sufuriani. Mgeni mmoja akaugua tumbo. Meneja akamfukuza kazi mama mmoja mtu mzima, muosha vyombo, eti hakusugua sufuria vizuri. Bwana Mwiko akanyamaza. Picha ya mwisho ilimwonyesha akiwa stoo, amekumbatia gunia la unga, machozi yakimchuruzika, mdomo ameufumba.

Kundi likachemka.

“Yaani nimeshindwa kula,” aliandika mmoja.

“Huyu mchoraji naye atakuwa mchafu. Mtu safi angewazaje mambo haya?” akaongeza mwingine.

“Anayempenda Bwana Mwiko ajitoe kundini mwenyewe,” aliandika Kinyaa, akapata vidole gumba kumi na viwili.

Kidoti hakuandika kundini. Alimtumia Kinyaa peke yake ujumbe mrefu: “Mimi Bwana Mwiko namwelewa. Labda hata mimi ningenyamaza, kwa uoga. Lakini najua yule mama angenijia kila nikifumba macho, na asubuhi ningekwenda kusema. Ndiyo maana bado nasoma. Nataka kuona kama naye atasema.”

Kinyaa alikunja pua. Kisha likamjia wazo ambalo lilimchekesha. Aliupiga picha ujumbe ule kwenye skrini, akaikata picha, akabakiza maneno ya mwanzo tu: “Mimi Bwana Mwiko namwelewa. Labda hata mimi ningenyamaza.” Akaituma kundini, na chini yake akaandika, “Jamani! Na huyu ndiye mtoto wa mpishi wetu!”

Vidole gumba havikuhesabika.

Jumatatu Kidoti alipokaribia meza, watoto walihamisha sahani zao. Mvulana mmoja alijishika tumbo akajifanya anatapika. Na kwa kuwa simu zile zilikuwa za wazazi, wazazi nao walisoma. Walichosoma wengi wao si habari ya katuni tena. Walisoma kwamba mtoto wa mpishi anajua kuna nyama iliyookotwa chini. Jumanne nusu ya darasa ilikuja na chakula kutoka nyumbani. Jumatano ikawa nusu ya shule.

Siku hiyo Kidoti alimvuta Kinyaa nyuma ya maktaba. Macho yake yalikuwa yamevimba.

“Mama ameitwa ofisini. Mwalimu mkuu anasema kuanzia Jumatatu atasimamishwa kazi hadi wachunguze. Wazazi wanataka aletwe mpishi mwingine.”

“Pole,” alisema Kinyaa, akitazama viatu vyake.

“Sitaki pole. Ule ujumbe mimi niliufuta, niliogopa mama asiuone. Wewe unao wote. Waonyeshe wausome hadi mwisho.”

“Sijui kama bado upo. Nitaangalia.”

Ulikuwepo. Alijua fika kwamba upo.

Siku hiyohiyo msimamizi wa darasa alimuuliza Kinyaa mbele ya watu, “Kweli Kidoti aliandika vile?” Kinyaa akajibu, “Maneno ni yake, mimi sikuongeza hata herufi.” Jibu hilo lilikuwa kweli tupu, na lilinuka kuliko uongo.

Alhamisi mchana alipita karibu na jiko. Mama yake Kidoti alikuwa amesimama juu ya sufuria kubwa ya maharage, imejaa hadi ukingoni, akichota na kumwaga kwenye ndoo ya mabaki. Hakulia wala hakugomba. Alichota, akamwaga, akachota tena. Alipomaliza alianza kuisugua ile sufuria kwa majivu, ndani na nje, ingawa hakuna aliyekula humo. Kinyaa aliondoka haraka.

Jioni alipoishika simu, alikuta kundi bado linamsulubu Bwana Mwiko. Mtu alikuwa ameuliza, “Hivi ni binadamu wa namna gani anayeweza kumwona mwenzake anafukuzwa kazi bila kosa, akakaa kimya na ukweli anao?”

Kidole cha Kinyaa kilikuwa kimeshaanza kuandika: “Ni mtu mchafu, asiye na” na hapo kikakwama.

Alikimbia uani, akainama juu ya karo, lakini hakuna kilichotoka. Alinawa mikono kwa sabuni mara tatu. Kichefuchefu kilikuwa palepale. Kwa mara ya kwanza maishani alipatwa na kinyaa ambacho hakikutoka kwenye sahani ya mtu. Alijichukia vibaya sana.

Mama yake alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini. Alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu Kinyaa alipomwekea simu magotini, akaanza kueleza huku kwikwi zikimkatiza. Mama alisoma ujumbe mzima, kisha ile picha iliyokatwa, kisha ujumbe tena.

“Mwanangu,” alisema hatimaye, “mimi nafua damu na matapishi kila siku, na nikitoka kazini nakula vizuri tu. Leo sina hamu ya kula. Kesho tunakwenda wote, na atakayesema ni wewe. Mimi nitashika simu tu.”

Ijumaa asubuhi, baada ya mama na binti kufika ofisini kwake, mwalimu mkuu alilikusanya darasa lote bwaloni. Mpishi naye aliitwa, akaja na aproni yake, akasimama mlangoni na Kidoti ubavuni mwake. Kinyaa alisoma ujumbe wote kwa sauti. Alipofika “na asubuhi ningekwenda kusema,” aliruka neno, akalazimika kuanza sentensi upya.

“Mimi ndiye niliyeukata,” alisema. “Kidoti aliniomba niuonyeshe, nikamdanganya kwamba sijui kama upo. Jikoni hakuna kilichookotwa chini. Hata kwenye ujumbe hakuna.”

Kidoti ndiye aliyeuliza, “Kwa nini uliukata?”

“Nilitaka wacheke.”

“Haya. Walicheka.”

Mwalimu mkuu alikunja uso kama mtu aliyemeza dawa chungu.

“Nami nilikuwa tayari kumsimamisha mtu kazi kwa mistari miwili ya simu,” alisema. “Hakuna atakayesimamishwa. Mama, naomba radhi. Ujumbe wote utatumwa kwa wazazi leo, na barua yangu juu yake. Na wewe, binti, pamoja na wote mliosambaza, wiki nzima ijayo mtafanya kazi jikoni.”

Mpishi alijifuta mikono kwenye aproni, akasogea mbele. Watoto wengine wakarudi nyuma hatua moja.

“Na mimi nasoma hiyo katuni yenu,” alisema, na mtu mmoja akaguna kwa mshangao. “Yule bwana ananichefua. Lakini simuachi, nataka nijue uoga unamfanyaje mtu. Kumwelewa mwenye kosa si kulipenda kosa lake. Mwanangu alilijua hilo, akaogopa kuniambia mimi, nanyi mkamtenga. Mtukaneni Bwana Mwiko mpaka mchoke, yeye ni wino tu. Mtu wa kweli ana jiko, ana mtoto, ana njaa. Ukipewa nusu ya maneno yake, uliza nusu nyingine iko wapi kabla hujaipeleka kwa mwenzako. Na ukiwa nayo wewe, itoe siku hiyohiyo.”

Akamgeukia Kinyaa.

“Umekawia siku sita. Lakini umesema. Jumatatu saa moja kamili, uje na viatu safi.”