Kadi ya Nne

Kila asubuhi mama alipiga pasi aproni ya kaka, na kila asubuhi Pilipili, dada yake mdogo, alinuna. Jina hilo kaka mwenyewe ndiye aliyempa kwa ukali wake. Ijumaa hiyo alikuwa mkali kweli, maana ripoti yake ya shule ilikuwa mezani tangu Jumatano. Ametoka wa tatu darasa zima, na mama ameifanya kitako cha pasi!

"Leo ndiyo leo," mama alisema. "Mwenye bekari anaamua kama kaka yako ataajiriwa."

Kaka alikuwa na miaka ishirini na miwili. Tangu utotoni alijifunza mambo polepole sana, na kusoma hakujua. Mwezi mzima alikuwa akisaidiwa kazini na mama mmoja wa kituo cha watu wenye ulemavu. Mama huyo alimchorea kadi saba za picha, akazifunga kwenye pete ya funguo: nawa mikono, vaa kofia, futa mikebe ya mikate, ipake mafuta, na kuendelea. Kaka alifuata kadi moja baada ya nyingine bila kuruka.

"Mimi nimetoka wa tatu bila kadi," Pilipili alinung'unika. Nani amsikie? Baba alikuwa akimfunga kaka vifungo na kumwita "mfanyakazi wangu". Wivu, jamani, haupigi hodi. Walipotoka kutafuta viatu, Pilipili aliichomoa kadi ya nne, yenye picha ya brashi na mafuta, akaificha ndani ya daftari.

"Na akome!" alisema moyoni.

Mchana alipitia bekarini kuchukua mkate wa nyumbani kama kawaida. Mkate haukuwepo. Mwenye bekari alikuwa akigongesha mikebe mezani, na kila mkate ulitoka nusu.

"Mikate arobaini imeganda mikebeni! Wateja niwauzie makombo?" alimfokea mama wa kituo. "Mama, nilikwambia, kazi hii hataiweza."

"Nimefuata kadi," kaka alisema huku akilia. "Zote."

Mama wa kituo alizihesabu. "Mbona ziko sita?"

"Labda nimeangusha. Kosa langu." Kaka alijifuta machozi, kisha akamwona dada yake. "Pilipili! Nimekutengenezea wako. Wa tatu!"

Alimwonyesha mkebe mdogo. Juu ya mkate alikuwa amechora mistari mitatu kwa kisu. Nyumba nzima, ni yeye peke yake aliyeikumbuka ripoti ile. Na mkate huo nao ulikuwa umeganda.

Pilipili aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Alifungua daftari.

"Kadi niliitoa mimi," alisema. "Nilimwonea wivu. Msimfukuze kaka, tafadhali."

Kaka aliitazama kadi, akamtazama yeye. "Mbaya wewe," alisema, na haukuwa utani.

"Nisamehe, kaka."

Mwenye bekari alikuna kichwa. "Kumbe kijana hakukosea hata hatua moja. Haya, rudia kwa kadi saba. Na wewe, Pilipili, mikebe arobaini inakusubiri kwenye sinki."

Alisugua mpaka vidole vikakunjamana. Jioni mikate ilichomoka bila kubakiza hata chembe, na mwenye bekari akampa kaka mkono. "Jumatatu saa moja, mfanyakazi wangu. Usichelewe."

Mama wa kituo alimketisha Pilipili kando, akamsikiliza habari yote ya ripoti. "Mwanangu, kadi zile si upendeleo. Ni ngazi yake ya kufikia pale wengine wanapofika bila ngazi. Ukimwondolea mwenzako ngazi, yeye ataanguka, lakini wewe hutapanda hata kidogo. Roho ikikuuma, sema. Wazazi wako nao wataisoma ripoti, nitawaambia mwenyewe."

"Nimeelewa, mama."

Kaka alikuja na mkate wa mistari mitatu, mpya, bado wa moto. Aliukata, akampa Pilipili kipande kidogo, kikubwa akabaki nacho mwenyewe.

"Wewe umeiba kadi," alisema. Pilipili alikipokea bila kununa.