Kushoto kwa Mwezi

"Hafidhi, faili la Mzee Mwinyimvua liko wapi?"

"Nyota ya tatu kutoka juu, kushoto kwa mwezi."

Kwenye simu, nyuma ya sauti ya Mwanne, nilisikia mashine ya fotokopi na honi za Mtaa wa Mahiwa.

"Kushoto kwa mwezi," akarudia taratibu. "Mteja kasimama hapa tangu saa tatu, wewe unaniambia mwezi?"

Mwaka ule kila kona ya Kariakoo ilikuwa inafungua duka la kompyuta. Kwenye duka la kuchapa la Dada Dipti, Mwanne alishika zamu ya asubuhi, mimi ya mchana. Kompyuta moja, watu wawili, na mapenzi yaliyoanzia kwenye zile dakika kumi za kupokezana kiti. Yeye alipenda skrini ya kijivu, herufi kubwa, mafaili yamepanga foleni. Mimi kompyuta nilijifundisha mwenyewe, na nilitaka ipendeze. Jana yake jioni nilimwekea kwenye skrini anga ya bluu iliyokoza, yenye mwezi. Kila faili nikaligeuza nyota, na majina yaliyoandikwa chini yake nikayafuta, maana yalichafua anga. Ilikuwa zawadi.

"Lakini ni nzuri?" nikauliza.

"Nzuri sana. Ndiyo maana nataka kulia."

Akakata. Nusu saa baadaye ikaingia meseji: "Mzee kaondoka bila mkataba wake. Dada Dipti kasema kesho nisije. Anga yako baki nayo."

Nilitoka nyumbani Buguruni mpaka dukani na shati halijafungwa vifungo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Zamu yako si saa nane?"

"Mwanne hana kosa. Aliyefuta majina ni mimi."

"Kwa nini?"

"Nilitaka apate kitu kizuri cha kuangalia."

Dada Dipti akaitazama skrini kwa muda mrefu. "Inapendeza. Hata mimi nilikaa nikaiangalia. Lakini hapa watu wanakuja na haraka zao, Hafidhi. Mmoja lazima aondoke."

"Basi niondoke mimi."

Mwanne alikuwa mlangoni, mkoba begani. Nikakaa, nikafungua nyota moja moja, nikarudisha majina yote. Mkataba wa Mzee Mwinyimvua ulikuwa nyota ya tano, si ya tatu. Hata mimi nilikuwa nimepotea.

Miezi minne nikawa natengeneza kompyuta kwenye karakana moja mtaa wa Gerezani. Sikumpigia. Nilikuwa nimeahidi kupeleka posa kwa mjomba wake. Sasa ningeipeleka kwa uso gani?

Jumamosi moja kivuli kikaangukia meza yangu.

"Mambo?"

"Poa."

"Poa gani, na umekonda hivyo?" Mwanne akaweka bahasha juu ya nyaya zangu. "Nimekuletea kadi. Ikague, kabla sijachapa nyingi."

Kadi ya harusi. Jina lake lilikaa katikati, jeusi, kubwa. Nikatafuta la mwanamume. Palikuwa peupe.

"Mbona bwana harusi hana jina?"

"Nilikuwa naye mmoja. Kazi yake kufuta majina."

Nikamwangalia. Hakuwa anacheka, ila shavu moja lilikuwa linamshinda.

"Mjomba kila siku ananiuliza posa iko wapi," akasema. "Namwambia subiri, bado analitafuta faili."

"Na ile anga? Umeifuta?"

"Nimebakisha kipande, kona ya juu kulia. Hapo siweki faili lolote. Nikichoka kuchapa, naangalia pale." Akainamisha macho. "Kila siku nachoka, Hafidhi."

Kelele zote za Gerezani zikawa kama zimehamia mbali. Nikatafuta kalamu, nikaanza kuandika jina langu.

"Kubwa," akasema. "Lisomeke mpaka Upanga."

Nikaandika kubwa.

"Naruhusiwa nyota moja?"

Akafikiri, kama anayehesabu nafasi iliyobaki kwenye karatasi.

"Moja. Na isizibe jina langu."