Tramu Iliyokwama Mlangoni kwa Dobi

Kila asubuhi Mama Pasi alifungua mlango wa duka lake akatazamana na mabati.

Zamani mlango ule ulitazama barabara. Sasa mbele yake palisimama uzio wa mabati mrefu kuliko mtu. Nyuma ya uzio kulikuwa na mtaro uliochimbwa ukaachwa. Mtaro ulikuwa wa reli za tramu, ile treni ya umeme inayopita katikati ya mji. Njia ya zamani ya tramu iliishia sokoni. Njia mpya ilitakiwa itoke sokoni hadi hospitali kuu, na ingepita mbele ya duka hili. Wachimbaji walikuja kwa kishindo, wakachimba, kisha wakaondoka na mashine zao. Mvua ikanyesha, jua likarudi, mtaro ukabaki vile vile.

Mama Pasi alikuwa dobi. Alifanya kazi na wifi yake, dada wa mumewe. Wifi aliloweka nguo kwenye povu, akazifua kwa mashine na kuzikamua. Mama Pasi aliondoa madoa na kupiga pasi. Mumewe alisukuma mkokoteni, akileta shuka chafu na kurudisha safi. Watu walimwita Kimya. Katika nyumba yenye wanawake wawili wasemaji kama wale, mtu wa tatu angepata wapi nafasi?

Siku hizi wanawake hao walibishana juu ya jambo moja tu. Diwani wa kata yao alikuwa wa chama kimoja, meya wa jiji wa chama kingine. Mama Pasi alimwamini diwani. Wifi alimwamini meya.

"Meya wako amelala usingizi wa pono," alisema Mama Pasi, huku akinyunyizia maji foronya. "Ameahidi tramu, ametuletea shimo."

"Amelala?" Wifi alitoa mikono kwenye povu. "Diwani wako ndiye aliyetoka kikaoni, yeye na wenzake, pesa za tramu zisipigiwe kura. Au siku hiyo redio yako ilikuwa mbovu?"

"Alitoka kwa sababu hesabu hazikueleweka."

"Hesabu hazikueleweka, au yeye ndiye haelewi hesabu?"

"Wifi, fua nguo. Siasa niachie mimi."

"Nikikuachia wewe, wifi yangu, tutazikwa humu na mabati yetu."

Kimya akaingia na furushi la shuka begani. Mkokoteni ulikuwa umebaki kwenye kona, maana mbele ya duka haukuwa na pa kupita. Alitua mzigo, akafuta jasho.

"Meneja anakuja," alisema. Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Meneja wa nyumba ya wageni alipita kwa ubavu kati ya mabati na ukuta. Mkononi alishika shuka nyeupe. Aliikunjua juu ya meza ya pasi. Katikati palikuwa na mstari mrefu wa matope.

"Mama Pasi, kazi yako haina kasoro," alisema. "Shuka zinatoka hapa safi. Lakini mzee anazibeba begani, anajipenyeza kwenye kichochoro hiki, zinafika kwangu hivi. Wageni wananilalamikia mimi, hawamlalamikii meya. Mwezi huu ukiisha na mkokoteni haufiki mlangoni kwako, nitapeleka shuka kwingine. Samahani sana."

Aliondoka kwa ubavu, kama alivyokuja.

Shuka za nyumba ya wageni zilikuwa zaidi ya nusu ya kazi yao. Zikiondoka, mashine itazimwa. Wifi atarudi kufua kwa mikono katika nyumba za watu, kama zamani. Duka lenyewe litafungwa kabla tramu haijafika.

Mama Pasi akachukua chupa ya tapentaini, ile dawa ya kuondolea rangi, na brashi, akatoka nje. Hasira zake zilihitaji pa kuishia.

Ukutani, kando ya mlango, kulikuwa na alama za rangi ya bluu: mshale na namba. Zilikuwa zimepakwa tena. Alikwisha kuzifuta mara mbili. Mpiga debe wa diwani alisema katika mkutano kwamba alama za ukutani ni za kubomoa nyumba. "Mkiona rangi, jueni meya ameshauza viwanja vyenu," alisema. Mama Pasi hakuuliza zaidi. Yeye doa huliondoa kwanza, maswali baadaye. Majirani wote wa mtaa walikuja kwake kuomba tapentaini, naye aliwapa na kuwafundisha namna ya kusugua. Hata Wifi alishika ndoo.

"Kwa hili tu, wifi," alisema Wifi, "mimi na wewe ni chama kimoja."

Walikuwa bado wanasugua sauti ilipotoka nyuma yao.

"Kumbe ni ninyi."

Alikuwa mwanamke kijana mwenye buti na kofia ngumu. Kwapani alibana chombo chenye mpini mrefu. Alikuwa mpima wa idara ya maji ya jiji.

"Ndiyo, ni sisi," alisema Mama Pasi, brashi juu. "Na ukipaka tena, nitafuta tena. Hii nyumba haibomolewi!"

"Nani amesema inabomolewa?"

"Alama zenu ndizo zinasema."

"Mama, unajua kuzisoma?"

Mama Pasi akashusha brashi.

Mpima hakupandisha sauti. Aliomba kuingia ndani. Alichukua mpira mfupi wa maji, ule wa plastiki uliokuwa karibu na mashine, akaulaza juu ya meza ya pasi. Kisha akaufunika kwa shuka tatu nene na kuzisawazisha.

"Sasa geuka usiangalie," alimwambia Mama Pasi. Aliusogeza mpira chini ya shuka. "Haya, geuka. Shika pasi ya moto. Piga."

"Nipige vipi? Mpira sijui uko wapi. Nitauyeyusha."

"Basi mchimbaji naye ni hivyo hivyo. Chini ya barabara hii kuna bomba kubwa la zamani. Ndilo linalopeleka maji hospitali. Michoro yake ya zamani haiaminiki. Chombo changu hiki hulitafuta bomba chini ya ardhi. Nikilipata, ninaweka alama. Mshale unaonyesha bomba liko upande gani. Namba inaonyesha liko mbali kiasi gani kutoka ukutani. Mchimbaji akija na mashine, asome alama, mahali penye bomba achimbe kwa mikono."

"Kwa nini usipake chini?" aliuliza Wifi.

"Chini panachimbwa, alama inaondoka na udongo. Ukuta hauhami."

"Na wakija wasikute alama?"

"Hawachimbi. Wakilipasua bomba, wagonjwa watakosa maji. Ndiyo maana waliondoka. Mimi nimerudi mara ya tatu, na kila nyumba ninayoifikia mtaa huu, ukuta unang'aa."

Wifi aliangua kicheko. "Wifi yangu, hakuna doa linalokushinda!"

"Cheka," alisema Mama Pasi. "Ndoo alishika nani?"

Wifi akajipangusa mikono kwa kanga.

Mama Pasi akakaa juu ya kikapu cha nguo. "Kwa hiyo tramu nimeichelewesha mimi?"

"Wewe umeichelewesha kiasi," alisema Mpima. "Madiwani wametoka kikaoni, hilo nalo limechelewesha. Ofisi ya meya ilimwita mkandarasi kabla njia ya bomba haijajulikana, hilo nalo limechelewesha. Kila upande unasema kweli juu ya mwenzake. Juu yake mwenyewe hausemi."

"Na kubomoa je?"

"Rangi peke yake haibomoi nyumba. Nyumba ikitakiwa kubomolewa, mwenye nyumba hupewa barua yenye muhuri wa halmashauri. Barua hutaja sababu, na humpa muda wa kupinga. Umepata barua?"

"Sijapata."

"Aliyekuambia ulimwuliza barua iko wapi?"

Mama Pasi alikunja shuka ya meneja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mwezi ukiisha tunapoteza kazi," alisema mwishowe. "Tramu haiwezi kufika kabla ya hapo."

"Haiwezi. Lakini ninyi mnahitaji tramu, au mnahitaji mkokoteni upite?"

Kimya, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliinua kichwa.

"Mkandarasi akichimba mbele ya maduka, anatakiwa kuweka daraja la muda," aliendelea Mpima. "Imo katika mkataba wake. Lakini mahali pa kuliweka huamuliwa na mhandisi wa jiji, na bila alama za bomba hawezi kujua miguu ya daraja isimame wapi. Tena hajaombwa. Mtaa mzima unapiga kelele za tramu. Hakuna aliyeomba daraja. Jumamosi kuna mkutano wa wazi katika ukumbi wa kata, na mhandisi atakuwepo. Usiulize tramu itakuja lini. Swali hilo kila mkubwa ana njia ya kulikwepa. Omba kitu kimoja, kwa mtu mwenye uwezo wa kukiamua, na umtake ataje siku."

Alipaka alama zake upya. Mama Pasi alisimama kando akimtazama, mikono nyuma, kama mtu anayejizuia kujikuna.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Diwani alikaa upande mmoja wa meza ya mbele, msaidizi wa meya upande mwingine. Mhandisi wa jiji alikuwa katikati, ameinamia karatasi zake.

"Jiji limewatelekeza!" alisema diwani. Nusu ya ukumbi ikapiga makofi.

"Diwani wenu ndiye kikwazo!" alisema msaidizi wa meya. Nusu nyingine ikapiga makofi.

Waliendelea hivyo kwa muda mrefu. Ndipo Mama Pasi akanyoosha mkono. Akasimama.

"Mimi ni dobi wa hapo penye mtaro," alisema. "Alama za bluu zilizofutwa mtaani, nilizifuta mimi. Tapentaini mliyotumia wengi wenu ilitoka kwangu. Tulidhani ni alama za kubomoa. Siyo. Zinaonyesha bomba la maji la hospitali. Zikifutwa, hakuna anayeweza kuchimba."

Ukumbi ukavurugika. "Amenunuliwa huyo!" "Kaa chini, mama!"

"Mama yangu," alisema diwani kwa upole, "usikubali kutumiwa."

"Mheshimiwa, mimi ni mtu wako, na kura yangu unayo. Mpiga debe wako alisema nyumba zetu zinabomolewa. Barua iko wapi?"

Diwani alikohoa. "Ilikuwa ni tahadhari tu."

Msaidizi wa meya alitabasamu. Wifi akasimama.

"Na wewe usicheke, mwanangu. Mimi ni mtu wa meya, mtaa mzima unajua. Waliotuma watu kupaka kuta zetu walitakiwa kutueleza kwanza. Kazi hiyo ilikuwa ya nani?"

"Ya... ofisi yetu."

"Mlieleza?"

Tabasamu likafifia. Mahali fulani nyuma mtu akacheka, kisha wengi wakacheka, wa upande huu na wa upande ule.

Mama Pasi akamgeukia mhandisi. "Bwana mhandisi, mimi leo siombi tramu. Naomba daraja la muda mbele ya maduka yetu, la kupitisha mkokoteni. Alama zimeshapakwa tena, na hazitafutwa. Utaliweka siku gani?"

Mhandisi aliinua macho. Kwa mara ya kwanza siku ile, kulikuwa na swali lililomhusu. "Upana wake?" aliuliza.

Kimya akasimama. Alinyoosha mikono yote miwili pembeni, akaishikilia hivyo. "Huu," alisema. "Na nafasi ya mtu kupishana nao."

"Jumatatu," alisema mhandisi.

"Jumatatu!" Wifi alirudia kwa sauti ya kufika barabarani. "Wote mmesikia!"

Jumatatu daraja halikuja. Jioni Wifi alivaa nguo zake za kutokea, akaenda ofisini kwa mhandisi, akakaa kwenye benchi mbele ya mlango wake mpaka mhandisi alipotoka. Jumanne asubuhi lori lilishusha mbao na vyuma, na mafundi wakang'oa mabati ya mbele ya maduka.

Mtaani hakuna aliyegusa alama tena. Mwenye duka la vyombo alipomwona mtoto akichora juu ya mshale, alimfukuza kama mwizi. Wachimbaji walirudi. Bomba walilikuta pale pale namba zilipoonyesha, wakachimba kando yake kwa sululu na koleo. Tramu yenyewe ilikuwa bado haijafika hospitali. Baraza la madiwani lilikuwa linabishania pesa za kipande cha mwisho, na Mama Pasi na Wifi nao walibishana juu ya pesa hizo kila asubuhi kwenye meza ya pasi. Lakini sasa kabla ya kulaumu, waliulizana kwanza: jambo hili huamuliwa na nani, na nani amemwuliza?

Kabla ya hayo, siku daraja lilipokamilika, diwani alifika na mpiga picha. Hajamaliza kujipanga, gari la ofisi ya meya nalo likasimama. Msaidizi wa meya alishuka na mpiga picha wake. Wote wawili wakataka kusimama katikati ya daraja. Wakasalimiana kwa meno, wakasukumana kwa mabega.

Kwenye kona akatokea Kimya na mkokoteni. Shuka chafu za nyumba ya wageni zilikuwa zimepangwa juu yake mpaka usawa wa kichwa. Meneja alikuwa anatembea nyuma, amekuja kujionea kwa macho yake. Mwezi ulikuwa haujaisha.

Kimya alisimama mbele ya daraja. Alingoja. Wakubwa hawakumwona.

Mama Pasi akatoka mlangoni na pasi mkononi.

"Waheshimiwa," alisema, "picha mtapiga baadaye. Njia, tafadhali. Kuna kazi inaingia."

Diwani akasogea kulia, msaidizi wa meya akasogea kushoto. Mkokoteni ukapita katikati yao, magurudumu yakigonga mbao, mpaka mlangoni.