Nani Alifungua Boneti Alfajiri?

— Kabla hujaligusa hilo gari, niambie. Unataka kunioa au hutaki?

Opio alikuwa bado amevaa koti la njano la wapakia mizigo wa uwanja wa ndege. Alipigiwa simu aje mtaani New Site mara moja, akadhani kuna msiba. Kumbe Mirembe amesimama kando ya Corona yake kuukuu, ile anayoifanyia biashara ya teksi, na injini inatetemeka kama mtu mwenye homa, mara ikate, mara idake tena.

Siku yenyewe ilikuwa nzito. Ssenga, yaani shangazi yake Mirembe, dada wa baba, alikuwa angani akitoka Entebbe kuja kumtazama Opio. Kwa Waganda, bila ssenga hakuna utambulisho, ile sherehe ya kumjulisha mchumba kwa wazazi, na bila utambulisho hakuna ndoa. Opio alikwisha kuuahirisha mara mbili. Leo gari la kumpokea mgeni limeugua, na jirani yao Phiona ameandika:

"Dada, sitaki fitina, lakini alfajiri nilimwona Opio amefungua boneti ya gari lako."

Mirembe akamwonyesha simu. Opio akasoma, akasema wakodi gari lingine, hayo watayazungumza baadaye.

— Sikodi kitu. Nataka kujua.

Ndivyo alivyoumbwa, jambo likimtatiza, hali wala halali mpaka alifumbue. Akachukua plaizi yenye mpini wa mpira, akaanza kuchomoa waya za plagi moja moja huku injini ikiunguruma. Akachomoa ya kwanza, mtetemo ukazidi, akairudisha. Ya pili vilevile. Ya tatu, hakuna kilichobadilika.

— Umeona? Hii niitoe, niiache, injini haijali. Silinda hii ndiyo imelala.

Akazima injini, akamulika shimo la plagi kwa tochi ya simu. Ndani mlikuwa na maji, yanang'aa.

— Mvua haijanyesha wiki nzima. Haya maji yamefikaje humu?

Opio akanyoosha mkono aifunge boneti.

— Opio.

— Niliosha.

— Uliosha nini?

— Injini. Kwa ndoo na sabuni. Wewe si ulisema ssenga hukagua mpaka chini ya kitanda? Nikaona akifungua boneti akakuta oili na vumbi, atasema huyu mwanaume hakutunzi.

Mirembe alitaka kucheka, akajizuia. Lilikuwa limebaki swali moja.

— Na kuahirisha mara mbili?

Opio akatazama viatu vyake.

— Kiganda chenu. Kila nikijifunza zile salamu, ulimi unateleza. Niliogopa ssenga atanicheka mbele ya watu, na wewe utacheka naye.

— Nitacheka, ndiyo. Halafu nitakufundisha.

Akazungushia kitambaa kwenye bisibisi, akalikausha shimo, akafungua plagi, akaifuta na kuirudisha. Safari hii injini ikawaka na kutulia, sauti moja tu. Simu ikalia, ujumbe wa ssenga:

"Nimeshuka. Mbona sioni mtu? Kuna ndege inayorudi leo hii."

Mirembe akajibu: "Usirudi, Ssenga. Tunakuja wote wawili."

Opio akaomba akabadilishe koti kwanza.

— Panda hivyo hivyo. Na njiani mimi ndiye ssenga. Nisalimie.

Opio akafunga mlango, akakohoa, akaanza. Alikosea neno la kwanza kabisa, lakini hakunyamaza.