Mgeni wa Ibtihal

"Mwanangu, macho yamefunguka!" Mama Kafedha, jirani, alimlaki Ibtihal langoni pake, kaegemea mkongojo. "Uniwie radhi. Tangu nivunjike nyonga sijakanyaga kwako."

Ibtihal akacheka, akidhani ni mzaha. Miaka yote ya ukungu machoni, jirani huyu ndiye aliyekuwa mwenziwe. Kila alasiri alikuja kuketi kwenye kigoda mlangoni pa jiko, akamsikiliza Ibtihal akizungumza huku akishona kofia kwa kupapasa. Hakuwa msemaji, kazi yake kuguna. Ibtihal akiona kivuli chake tu, husema, "Karibu, jirani."

"Si jana tu ulikuja?"

"Jana? Nilikuwa Miritini kwa binti yangu."

Ibtihal akaingia ndani kwake na moyo mzito.

Jicho lake la kulia lilikuwa limepandikizwa kioo kipya cha mbele ya mboni. Kilishika vyema, ila kilikuwa na mabonde, kila kitu akakiona viwili viwili, na miwani haikusaidia. Ndipo daktari mmoja wa Nyali akampa lenzi kubwa, ngumu, inayojazwa maji safi ya chumvi kabla ya kuvaliwa, ikaketi juu ya weupe wa jicho bila kukigusa kile kioo. Jioni huivua kwa kipira kidogo cha kunyonya. Asubuhi hiyo, Kisauni nzima ilimjia jichoni kama iliyooshwa.

Alasiri ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Ibtihal akainua uso kutoka kwenye kofia.

Kigodani palikuwa na kitu kilichojitanda leso kama ya Mama Kafedha, lakini macho yake hayakuwa na kope, na mdomo ulianzia sikio hili ukaishia sikio lile.

"Leo hukunikaribisha," kikasema polepole.

Ibtihal akaukimbilia mlango wa mbele, akaufungua, na mbele yake hapakuwa na njia wala lango bali jiko lile lile na kigoda kile kile, akageuka akafungua wa nyuma, napo akakuta jiko, na kile kitu kimesogea hatua moja, hata akakishika kile kipira kwa vidole vinavyotetemeka ili aing'oe lenzi, heri asione kabisa kuliko kuona hivi.

"Iache," kikamwambia. "Nimengoja sana unione."

Akapiga ukelele. Mama Kafedha aliusikia, akaagiza Maalim Faki aitwe msikitini. Kwake yeye Maalim mlango ulifunguka kama milango yote. Alimkuta Ibtihal kajibanza ukutani, kidole kakielekeza kigodani, akaanza kusoma aya.

"Nani wewe?" Maalim akakiuliza kigoda.

"Mgeni," sauti ikajibu kigodani, ambako Maalim hakuona mtu. "Alinikaribisha kwa kinywa chake."

Maalim akainama sikioni mwa Ibtihal. "Binti yangu, mwenye nyumba ni wewe. Kinywa kilichokaribisha ndicho kifukuze. Mtazame usoni, umwambie atoke."

"Naogopa, Maalim."

"Sema, nami nasoma."

Ibtihal akatazama, akafungua kinywa. Papo hapo kigoda kikawa kitupu, na kitu cha baridi kikampita menoni, kikashuka kooni kama maji ya kisima.

"Amekwenda, Maalim," ilisema sauti yake. "Mwenyezi Mungu akulipe."

Lakini hakuwa yeye aliyesema. Alijaribu kupaza sauti, midomo ikatabasamu. Akataka kuushika mkono wa mzee yule asiondoke, mikono ikabaki imekunjana kwa adabu. Maalim akamshukuru Mola, akashika njia.

Magharibi mumewe, Mahfudh, akarudi kutoka kazini Changamwe. Ibtihal aliuona uso wake waziwazi, mvi zilizoingia ndevuni, mikunjo asiyoijua, na macho mema ya mtu aliyemvumilia siku zote zile.

"Waniona, mke wangu?"

"Nakuona," kinywa kikajibu.

Mahfudh akalia kwa furaha, akamkumbatia. Ndani kabisa, mahali pasipo mlango, Ibtihal alimwita kwa jina, akamwita tena, akamwita, na mume akawa anampapasa mgongo tu, akisema alhamdulillahi.

Kisha mkono wa Ibtihal ukachukua kile kipira, ukaivua lenzi bila kutetemeka. Ukungu ukamfunika Ibtihal. Mikono ile haikupapasa ukuta kama zamani. Ilikwenda moja kwa moja jikoni, ikashika kisu, ikaanza kumkatia Mahfudh vitunguu vya chakula.