Mshumaa wa Kidakani

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi kando ya pipa la tatu, mkono wa kulia umenyooshwa kuelekea kwenye bomba. Glasi ilikuwa imebingirika hadi ukutani bila kuvunjika.

Inspekta Fosca Bellandi alikuwa amesimama kidato cha juu kabisa cha ngazi. Hakushuka. Alisubiri wazimamoto wamalize kupuliza hewa safi kwa feni yao. Alikuwa mtoto wa wachuma zabibu, na mtoto wa wachuma zabibu haambiwi kwamba mwezi Septemba, zabibu zilizopondwa zikianza kuchachuka, ghala la mvinyo la chini ya ardhi ni kaburi lililoachwa wazi.

"Afande, tunangoja nini?" aliuliza Sajini Rocco Lamanna. Rocco alizaliwa mjini Bari, akakulia ghorofani, na mpaka leo, amebakiza mwaka mmoja kustaafu, alikuwa akiamini kwamba mvinyo unatoka dukani.

"Shuka wewe. Mimi nitampelekea mkeo salamu za rambirambi."

Rocco akarudi nyuma hatua mbili.

Feni ilipozimwa, daktari wa polisi alishuka, akapiga magoti, akatazama midomo na kucha za marehemu. Hakukawia. "Hewa ya ukaa," alisema. "Hakuna jeraha, hakuna dalili ya purukushani. Pumzi tatu, nne, basi. Amekufa kati ya saa moja na saa mbili asubuhi."

Marehemu aliitwa Ottavio Brandolin, mwalimu mstaafu wa Torino, umri miaka sabini na mitatu. Yeye na mkewe Nives walikuwa likizoni, wakijiendea taratibu kwa gari lao dogo: Orvieto, Pienza, vilima vya zabibu, kisha pwani. Katika shamba hili la Poggio Sereni, ambako wenyeji hukodisha vyumba kwa wageni, walikuwa wamelala usiku wa pili.

Mwenye shamba, Duilio Mencarelli, alikuwa ameketi juu ya kreti la zabibu uani, mikono imejaa utomvu, uso umemshuka. Mama yake, bibi Argia, alimshika mkono wa shati utadhani mwanawe angepeperuka.

"Nani aliyemkuta?" Fosca aliuliza.

"Mimi. Saa mbili na nusu. Nilirudi kutoka kuchuma nikaona mlango wa ghala uko wazi."

"Ufunguo ulikuwa wapi?"

Duilio alitazama viatu vyake.

"Duilio, nimekuuliza."

"Kwenye msumari. Jikoni."

"Na sheria inataka uwe wapi wakati wa kuchachusha?"

"Mfukoni mwangu."

"Baba yake aliutundika hapohapo!" bibi Argia alidakia. "Na babu yake! Miaka themanini hajafa mtu! Inspekta, mwanangu hajaua mtu!"

"Mama Argia, mwendesha mashtaka anafika saa sita. Akiukuta ufunguo kwenye msumari, ni kuua kwa uzembe. Huyu ataingia ndani na shamba litafungwa. Si mimi ninayetaka, ndivyo ilivyo."

Fosca alisema hivyo na ulimi ukamchachia. Hata nyumbani kwao ufunguo ulitundikwa kwenye msumari.

"Lakini mshumaa ulikuwa unawaka!" Duilio alisimama ghafla. "Nilipofungua macho vizuri niliuona, juu kwenye kidaka cha ukutani, unawaka kabisa! Naapa!"

"Sasa si hapo?" Rocco alisema. "Kama ulikuwa unawaka, hewa ilikuwa nzuri. Daktari amekosea."

Fosca alimtazama kwa huruma. "Wewe mtu wa lami, hewa ile ni nzito. Inatuama chini kama maji kwenye beseni. Kichwani unapumua, gotini unakufa. Ndiyo maana mshumaa hubebwa kwenye usawa wa goti. Ukizimika, unageuza unatoka mbio. Hakuna mtu wa huku anayeweka mshumaa kidakani."

"Wala mimi sijauweka," Duilio alisema. "Jana jioni niliwaonyesha wote wawili, mzee na mkewe, namna ya kuubeba. Mzee akanicheka. Akasema ni mzaliwa wa vilima vya Asti, baba yake alimfundisha mshumaa kabla hajajua kusoma."

"Wote wawili waliona?"

"Wote wawili. Huyo mkewe aliuliza hata maswali."

Fosca alishuka ghalani na tochi. Akaanza mlangoni: njiti ya kiberiti iliyoungua nusu. Akashuka vidato kumi na moja. Kwenye kidato cha mwisho kulikuwa na matone manne ya nta, meupe, bado mapya. Akapanda tena hadi kwenye kidaka, kilichochimbwa ukutani usawa wa kidato cha saba kutoka chini, juu ya kichwa cha mtu mzima aliyesimama sakafuni. Chini yake, njiti ya pili.

"Andika, Rocco. Mshumaa uliwashwa mlangoni. Ukateremshwa mpaka chini, ukazimika. Nta hii ilidondoka hapo. Ukawashwa tena huku juu, ukawekwa pale ambapo hautazimika."

Rocco aliandika, kisha kalamu ikasita. "Kwa hiyo aliyeushika alijua."

"Alijua."

Chumba cha wageni kilikuwa juu, dirisha linatazama uani. Nives Brandolin, mwanamke mwembamba wa miaka sabini, aliketi ukingoni mwa kitanda. Begi lilikuwa limeshafungwa. Alikuwa hajalia, au alikuwa amemaliza.

"Pole sana, mama," Fosca alisema, akavuta kiti. "Mara ya mwisho ulimwona saa ngapi?"

"Saa moja. Niliingia kuoga. Nilipotoka hayupo. Ana ugonjwa wa kusahau, Inspekta. Hutoroka."

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu."

"Alijivalia mwenyewe leo?"

"Aweze wapi! Vidole havimtii. Vifungo ni mimi, kamba za viatu ni mimi. Glasi anaishika kwa viganja viwili kama mtoto."

"Na kiberiti aliwashiwa na nani?"

Huko uani bibi Argia alikuwa akiomboleza, na sauti yake iliingia hadi chumbani.

"Njia ya mwongo ni fupi, mama," Fosca alisema polepole. "Njiti mbili zimewashwa. Mmoja wenu ndiye aliyeziwasha, na marehemu hakuweza."

"Labda aliukuta unawaka."

"Labda. Njoo dirishani."

Nives alikwenda. Duilio alikuwa amesimama kando ya gari la polisi, mama yake bado ameng'ang'ania shati.

"Saa sita yule anaondoka na pingu. Kosa lake ni msumari. Ukisema hukushuka, mimi sina namna ya kumwokoa."

"Asubuhi alituletea mayai," Nives alisema. "Yangali ya moto." Alirudi kuketi. "Yule hana kosa. Muacheni. Ni mimi."

Fosca alimwonya kama sheria inavyotaka, kwamba ana haki ya wakili na ya kunyamaza. Nives alitikisa kichwa kama mtu anayekataa sukari kwenye kahawa.

"Likizo yetu ilikuwa ya siku kumi," alisema. "Leo ni ya thelathini na nne. Kila mji niliongeza. Tulikaa Orvieto mpaka mwenye hoteli akaanza kutuonea haya."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu baada ya pwani ni nyumbani. Nyumbani ni ghorofa ya nne na mlango ninaoufunga kwa nje. Anaugonga mchana kutwa, ananiita nesi, ananiomba nimpeleke kwa mkewe." Alifungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi. "Aliandika akili zake zikiwa timamu."

Fosca alisoma. Mwandiko wa mwalimu, ulionyooka: *Nives, siku nitakapokuwa sikujui tena, usiniache niendelee. Mimi sitakuwa na ujasiri. Nikopeshe wako.*

"Kwa hiyo aliacha kukujua, ukatimiza."

"Aliacha kunijua miezi minane iliyopita. Sikutimiza. Ningewezaje? Yule mtu wa kugonga mlango hakuniomba kitu. Ningemuua mgeni." Alipangusa magoti yake makavu. "Leo aliamka, akanitazama sana, akasema, 'Nives, umezeeka lini?'"

Rocco aliacha kuandika.

"Alikujua," Fosca alisema.

"Alinijua. Akauliza habari za dada yangu. Akanibusu hapa."

"Basi kwa nini leo, mama? Leo, siku aliyokujua?"

"Ndiyo hiyo leo!" Kwa mara ya kwanza sauti ilimpanda. "Ningengoja lini? Saa moja baadaye angeondoka tena, aniachie yule mwingine miaka kumi. Aliyeniomba ni Ottavio, na leo Ottavio alikuwepo. Nimechoka, Inspekta. Andika na hilo. Wasije wakasema ni mapenzi matupu. Nilimpenda na nilikuwa nimechoka."

"Ulimwambia unachotaka kufanya?"

"Nilishindwa. Nilimwambia tukaonje mvinyo mpya. Nikashuka kwanza na mshumaa, ukazimika. Nikapanda nikauweka kidakani, nikampa glasi."

"Naye?"

"Alisimama akautazama ule mshumaa. Muda mrefu. Akasema, 'Hapo si mahali pake, Nives.' Akatabasamu. Halafu akashuka, akainama penye bomba." Machozi yalikuja sasa, bila kelele. "Wewe ni mtu wa huku, umekulia kwenye mapipa. Niambie. Alijua? Au alikuwa ameshasahau?"

Fosca alikuwa na miaka ishirini na sita ya upelelezi, amewatoa watu siri walizoapa kufa nazo. Alitamani kusema alijua. Mahakamani jibu hilo lingepunguza miaka mingi. Kwa mama huyu lingepunguza zaidi ya miaka. Lakini aliyekuwa nalo alikuwa amefunikwa shuka, anapakiwa garini.

"Sijui, mama," alisema.

Uani gari la mwendesha mashtaka liliingia kabla ya saa. Fosca aliinama dirishani akampungia Duilio mkono kwamba aende zake. Bibi Argia alianza kumshukuru Mungu kwa sauti, na Fosca akafunga dirisha, maana chumbani hapakuwa na mtu wa kushukuru.

Rocco alikohoa. Fomu ya maelezo ilikuwa magotini mwake. "Afande, samahani. Hapa wanauliza kama marehemu aliridhia. Nijaze ndiyo au hapana?"

Fosca alimtazama Nives. Nives alimtazama Fosca, akingoja kama mtu anayengojea hukumu.

"Andika kwamba aliinama," Fosca alisema.