Kitambaa Ndani ya Bomba

Nyamizi alikuwa na miaka sita. Aliishi Tabora na baba, na mama, na mdogo wake Kashindye. Nyumbani wote walimwita Shindye.

Shindye alikuwa bado anatambaa. Alitambaa sebuleni, alitambaa jikoni. Popote alipokwenda Nyamizi, Shindye alikuwa nyuma yake.

Jikoni, chini ya sinki, palikuwa na tundu sakafuni. Maji machafu yaliingia hapo, yakapita kwenye bomba, yakaenda shimoni nje.

Siku moja Nyamizi alikuwa anapiga deki. Kitambaa kikamponyoka, kikaingia tunduni. Akakivuta. Hakikuvutika.

Nyamizi akatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Akachukua mpini wa fagio, akakisukuma kitambaa ndani, ndani, hadi kisionekane.

Hakumwambia mtu.

Kesho yake mama aliosha vyombo. Maji yakashuka polepole. Siku iliyofuata hayakushuka kabisa.

Gubu, gubu! Gubu, gubu!
Maji hayaendi.

Yalipanda kutoka tunduni, meusi, yananuka. Mama akayakausha asubuhi. Akayakausha mchana. Yakarudi.

Mama aligeuka kidogo tu, kupepea jiko. Shindye akatambaa hadi kwenye maji. Akayapiga kwa viganja, chapa, chapa! Akatia vidole mdomoni.

"Shindye, toka!" Nyamizi alipiga kelele. Lakini Shindye alikuwa ameshalamba.

Usiku ule haukupita vizuri. Shindye aliharisha. Shindye alitapika. Kulipokucha, hakutambaa tena. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, na alipolia, machozi hayakutoka.

Mama akambeba mgongoni, akakimbia naye hospitali. Nyamizi akabaki na baba. Hawakurudi mchana. Hawakurudi jioni. Hawakurudi kesho yake.

Nyumba ikawa kimya. Bomba peke yake ndilo lililosema.

Gubu, gubu! Gubu, gubu!
Maji hayaendi.

Baba alikwenda kuwaona, akarudi peke yake kuchukua kanga safi za mama. Akasimama jikoni, akayatazama yale maji.

"Nesi amesema mtoto asirudi kwenye uchafu huu," alisema. "Lazima tuzibue leo."

Baba akachemsha maji. "Simama mlangoni, Nyamizi. Haya yanaunguza." Akayamimina tunduni. Fuuu! Mvuke ukapanda.

Gubu, gubu! Gubu, gubu!
Maji hayaendi.

Baba akatia magadi, kikombe kizima. Juu yake akamimina siki. Povu jeupe likafurika. Shhhh! Wakangoja. Povu likalala.

Gubu, gubu! Gubu, gubu!
Maji hayaendi.

Baba akakaa kwenye kigoda. Akafunika uso kwa mikono.

"Baba," aliuliza Nyamizi, "Shindye atakufa?"

Baba akainua uso. "Sijui, mwanangu. Wamemtundikia dripu. Wanajitahidi."

Nyamizi akalitazama lile tundu.

"Baba... humo ndani kuna kitambaa."

"Kitambaa gani?"

"Cha deki. Kiliniponyoka. Nikakisukuma kwa fagio, msikione."

Baba akamtazama.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Hata mimi naogopa," alisema baba. "Njoo. Nionyeshe ulikisukuma upande gani."

Siki haiyeyushi kitambaa. Maji ya moto hayayeyushi kitambaa. Baba akachukua waya mrefu, akakunja ncha yake kama ndoana. Akavaa glavu za mpira. Nyamizi akashika tochi kwa mikono miwili.

"Huku, baba. Upande wa ukuta."

Kru, kru, kru. Waya ukanasa. Baba akavuta. Ukateleza.

Kru, kru, kru. Ukanasa tena. Ukateleza tena.

Mikono ya Nyamizi ilichoka, lakini tochi haikuyumba.

Kru, kru, kru. Baba akavuta polepole. Polepole sana. Kikatoka!

Kilikuwa kizito na cheusi, kimegandiwa na mafuta pande zote. Nyamizi akaziba pua.

Baba akakigeuza kwa waya. "Mafuta haya ni yangu," alisema. "Kila nilipokaanga samaki, niliyamwaga humu. Kitambaa ni chako, mafuta ni yangu."

Akamimina maji ya moto mara nyingine. Fuuu! Glo, glo, glo... glooo!

Maji yameenda!

Nyamizi hakuruka, wala hakupiga makofi. Alichukua brashi. Wakasugua sakafu kwa sabuni. Wakasugua kuta. Wakasugua mikono yao, kidole baada ya kidole.

Baba akatoboa kifuniko cha kopo kwa msumari, matundu madogo madogo, akakiweka juu ya tundu kiwe chujio.

"Mafuta tutayafuta kwa karatasi, tuyatupe jalalani," alisema. "Na kila Jumamosi, maji ya moto."

"Nitakukumbusha," alisema Nyamizi.

Wakangoja siku moja. Wakangoja siku mbili.

Siku ya tatu, adhuhuri, mama akaingia mlangoni. Mgongoni alikuwa na Shindye. Mtoto alikuwa amekonda, lakini macho yake yalikuwa yanatazama huku na huku.

Nyamizi hakukimbilia kumpokea. Alisimama palepale.

"Mama, kitambaa kilichoziba bomba nilikisukuma mimi."

Mama akakaa mkekani na mtoto wake. Alikuwa amechoka sana. Machozi yakamlengalenga.

"Usinifiche tena jambo kama hilo," alisema. "Hata kama unaogopa. Hasa kama unaogopa."

"Sitakuficha, mama."

Mama akamvuta, akamkumbatia kwa nguvu. Nyamizi akalia. Alilia mpaka kilio kikaisha chenyewe.

Jioni Shindye akanywa uji. Kijiko kimoja. Viwili. Vitano! Cha sita akakitema, akacheka.

Kisha akapiga mwayo, akalala mkekani.

Nyamizi akajilaza kando yake. Akaweka kiganja mgongoni mwa mdogo wake. Mgongo ukapanda, ukashuka. Ukapanda, ukashuka.

Hakukitoa kiganja mpaka naye akalala.